Kutembea kwa Saa ya Maji: Matembezi Mepesi ya Pwani Jambiani



Nimeombwa nizungumzie matembezi mepesi ya pwani, yale ambayo mzee wa miaka sabini au mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuyamaliza bila ya kuhema. Nimeichagua Jambiani, Kusini Unguja, kwa sababu kijiji kimejinyoosha ufukweni kwa kilomita kadhaa, hakuna kilima cha kupanda, na ukichoka kuna mlango wa mtu wa kubisha hodi.

Wengi wetu tukipanga safari ya miguu tunaanza na umbali. Kilomita mbili, nyepesi. Kilomita sita, nzito. Kwa pwani ya mashariki kipimo hicho hakifai. Kilomita mbili juu ya mchanga mkavu, maji yamejaa na jua la saa saba liko utosini, zinamtoa mtu machozi. Kilomita sita juu ya mchanga mnyevu, maji yakiwa yanatoka, hata mvivu anafika. Kinachoamua wepesi ni saa ya maji. Na saa hiyo ambayo pwani inatembeleka vizuri kuliko zote ndiyo saa ambayo wenyeji wako kazini humo humo tunamotaka kupita. Mambo hayo mawili lazima yapangwe pamoja.

Wazee hawahitaji majedwali yaliyochapishwa, wanahesabu mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na tano, bahari inaingia bamvua. Siku hizo maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hufika mita tatu hadi nne. Kwa kuwa chini kuna mwamba tambarare, bahari inaondoka na kuacha uwanja mpana, mahali pengine zaidi ya kilomita moja, hadi kule mawimbi yanakovunjika. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo kama leo yamepwa saa nne, keshokutwa yatapwa karibu na saa sita kasoro. Ikifika tarehe saba au nane ya mwezi, na tena ishirini na mbili au ishirini na tatu, ni maji mafu: bahari haitoki mbali wala haijai sana, na anayemwahidi mgeni kutembea hadi mwambani siku hiyo amemdanganya.

Sasa njia zenyewe.

Ya kwanza ni kutoka nje na maji. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kungoja maji yapwe kabisa ndipo kikundi kianze. Maana yake mnaingia uwanjani saa nne, mnafika katikati saa tano, hakuna kivuli hata cha mnazi mmoja, na mchanga mweupe unarudisha jua usoni. Anzeni saa mbili na nusu, maji yakiwa bado yanatoka, myafuate taratibu. Yakisimama, geukeni. Msisubiri kuyaona yakirudi, kwa sababu hayarudi kwa mstari mmoja kutoka mwambani. Yanatangulia kwenye mabonde ya mchanga na mikondo iliyo nyuma yenu, na mtu asiyejua anashtuka kujikuta na maji ya mapaja baina yake na kijiji. Si hatari kubwa kwa kijana, lakini kwa mzee mwenye simu mfukoni matembezi mepesi yamekwisha hapo. Miguuni, yeboyebo zilizobana zinatosha. Asiende mtu peku, kwani kwenye vidimbwi kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, na mwiba ukivunjikia kisiginoni siku imeharibika. Wala msimruhusu mgeni kukanyaga matumbawe hai ili apate picha.

Ya pili ni ya ufukweni kuelekea kaskazini, hadi Paje. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote na sina mengi ya kuisemea. Tembeeni kwenye ule ukanda wa mchanga uliobanwa na maji, mnyevu lakini haudidimii. Msimu wa kusi, kiasi cha Juni hadi Septemba, upepo unawasukuma mgongoni mkienda na kuwapiga usoni mkirudi, kwa hiyo ni busara kurudi kwa daladala. Kaskazi, Disemba hadi Machi, ni kinyume chake. Mkikaribia Paje angalieni wanaoteleza baharini kwa tiara kubwa. Kamba zao ni nyembamba, na tiara ikianguka ufukweni haichagui kichwa. Maji yakijaa sana njia hii inakatika mahali ambapo kuta zimejengwa hadi kwenye mawimbi. Hapo pitieni vichochoro vya ndani ya kijiji, na mgeni avae nguo ya kupita mbele ya misikiti na skuli. Ukielekea upande wa pili, Makunduchi, mchanga unaanza kukatwa na miamba, na siwezi kuiita njia hiyo nyepesi.

Ya tatu inaipa bahari mgongo. Ni ya kwenda kwenye pango la Kuumbi, ndani ya uwanda wa mawe nyuma ya kijiji. Inafaa siku za maji mafu. Profesa Felix Chami alichimba humo mwaka 2005, na timu nyingine za watafiti zikafuata. Katika tabaka za zamani ilipatikana mifupa ya wanyama wa bara, pundamilia akiwemo, kwa sababu enzi za baridi kali duniani bahari ilikuwa chini zaidi na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mgeni aliyesimama siku za bamvua kwenye mwamba uliokauka kwa saa mbili atakielewa kisa hiki bila ya ramani. Pango hilo pia ni mahali pa mizimu. Ingieni na mwenyeji aliyeruhusiwa, na msiguse vilivyowekwa humo.

Narudi kwenye njia ya kwanza, maana ndiyo yenye mzozo: inapita penye mashamba ya mwani.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Jambiani na Paje mwaka 1989, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Wakulima walio wengi ni wanawake. Mwanamke anapigilia vijiti mchangani, anafunga kamba baina yake, ananing'iniza vipande vya mwani, na baada ya wiki kama sita anavuna. Kazi hiyo inawezekana tu maji yakipwa sana, yaani siku chache za bamvua, saa chache kila siku. Aliyeipoteza saa moja kwa kupigwa picha ameipoteza mpaka kesho, na bamvua likipita anangoja wiki mbili. Na hali yake imekuwa ngumu: ile aina yenye bei nzuri zaidi, kotonii, haistawi tena kwenye maji ya kina kifupi yanayopata joto, na kuihamishia kwenye kina kunahitaji chombo na kuogelea, vitu ambavyo wengi hawana. Mwongozaji akiyajua haya atakuwa na la kusema mbele ya shamba kuliko "hawa ni wanawake wa mwani".

Nashauri hivi. Kikundi kipite pembeni mwa mashamba, si baina ya kamba, hata kama kwa macho panaonekana pana nafasi. Mwongozaji atangulie peke yake, atoe salamu yake, "Shikamoo bibi, poleni na kazi," asikie jibu, ndipo aite wageni au asiwaite. Kamera zibaki mikobani mpaka hapo. Akinamama wanaotafuta pweza kwenye mashimo ya mwamba wapewe nafasi zaidi, kwani kishindo cha miguu kumi kinamficha pweza. Na ufukweni, yale marundo ya mawe mnayoyaona kwenye ukanda wa kujaa na kupwa hayakutupwa: chini yake kuna makumbi ya nazi yaliyozikwa yaoze, kisha yapondwe na kusokotwa kamba. Nimeona wageni wakikaa juu yake kupumzika, na mwenye nayo akitazama kwa mbali bila ya kusema neno, kwa heshima.

Limebaki suala la pesa, na kwa hilo naomba tuanze mjadala. Matembezi haya yanauzwa. Anayelipwa ni mwongozaji, na pengine mwenye hoteli aliyemwita. Mwenye shamba la mwani, ambaye bila ya yeye mgeni angeona maji na mchanga tu, hapati chochote isipokuwa kuulizwa maswali ameinama. Wapo wanaopendekeza kila mgeni alipe mkulima mkononi. Mimi siafiki, kwa sababu wakulima wa karibu na njia watapata na wa mbali watakosa, na baada ya mwezi mmoja njia yenyewe itagombaniwa. Napendelea kiwango kimoja kwa kila kikundi, kilipwe kwa kikundi cha wakulima kwa kumbukumbu iliyoandikwa na kuonwa na sheha, na wao waamue ni siku zipi za bamvua hawataki kuona mgeni kabisa. Vijana mnaotembeza wageni mlio hapa mtasema siku hizo ndizo zenye soko. Ni kweli, na ndiyo maana nataka niwasikie nyinyi kwanza, kisha akinamama waliokaa safu ya nyuma.