Moshi wa Nyama na Moshi wa Nyumba

Leo tunazungumza juu ya nyama ya moshi, na nyama inayolowekwa kwa viungo kabla ya kuchomwa.

Siku hizi wengi wanajaribu mambo haya nyumbani. Mtu ameona kwenye simu jinsi Wamarekani wanavyofukiza nyama kutwa nzima ndani ya pipa, naye anatafuta debe lake ajaribu. Hakuna ubaya. Isitoshe, sisi si wageni wa jambo hili. Waliokulia Nyanza na Magharibi wanakumbuka samaki na nyama juu ya meko. Waluo wana aliya yao. Lakini jiko la nyanya kijijini lilikuwa kibanda cha peke yake, na moshi ulipenya kwenye nyasi za paa ukaenda zake. Wewe unaishi katika chumba cha mabati, futi 10 kwa 10, na humo humo mna kitanda, jiko na watoto.

Kwanza uelewe moshi huo unatoka wapi. Makaa yakipata hewa ya kutosha huwaka vizuri, na moshi huwa kidogo. Anayefukiza nyama hataki hivyo. Anataka kuni zifuke polepole, kwa hiyo anafunika debe, anaziba matundu, au anatupia vipande vya mti vilivyoloweshwa maji. Moto ulionyimwa hewa ndio unaotoa kwa wingi gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ukiivuta inaingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni, na mtu aliyelala haamki kukohoa wala kuomba msaada. Tena usidanganyike kwamba moshi ukikatika hatari imekwisha. Makaa yanayofifia, yasiyo na moshi hata chembe, bado yanaitoa. Baridi ya Juni na Julai tumesikia mara nyingi hapa Nairobi habari za watu waliolala na jiko ndani na kukutwa wamekufa asubuhi.

Kwa hiyo nyama ya moshi haipikwi ndani ya nyumba. Usiseme utaacha mlango wazi, wala usiseme utafungua dirisha. Dirisha la ploti zetu nyingi linatazama ukuta wa jirani. Toa debe nje, mchana, mahali penye nafasi, mbali na nguo zilizoanikwa na kuta za mbao. Angalia upepo unapeleka moshi wapi. Jirani mwenye mtoto wa pumu ana haki ya kukukataza, na ni afadhali umwambie kabla hujawasha. Usiondoke ukaacha moto peke yake, maana mitaa yetu inajua moto unavyoruka kutoka nyumba moja hadi nyingine. Ukimaliza, mwagia makaa maji mpaka yazime kabisa. Usiyaingize ndani eti yapashe chumba.

Dalili za gesi hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Watu wengi hudhani ni malaria au uchovu. Jambo la kukushtua ni hili: wote mliomo chumbani mnaanza kuugua kwa wakati mmoja, halafu mkitoka nje mnapata nafuu. Mtoe kila mtu nje mara moja, kisha mwende hospitali hata kama kichwa kimetulia. Mama mjamzito asisubiri kabisa, kwa sababu mtoto aliye tumboni huumia zaidi kuliko mama mwenyewe.

Sasa kuni. Mti wa mpera au mparachichi uliokauka vizuri unafaa. Unga wa mbao wa fundi seremala ni wa bure, na ndiyo maana unavutia, lakini ndani yake mna gundi ya plaiwudi, rangi na vanishi. Mabaki ya nguzo za stima ni mabaya zaidi. Nguzo nyingi hutiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa hiyo inaweza kuwa na aseniki, ambayo ni sumu hasa. Ikiwa hujui mbao zilitoka wapi, ziache. Na usiwashe moto kwa karatasi za nailoni.

Tuje kwenye viungo. Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, maziwa lala, dhania, pilipili: vyote hivi ni vizuri, na vinapatikana kwa mama mboga kwa pesa kidogo. Papai bichi lililosagwa hulainisha nyama ngumu, ila ukiliacha muda mrefu nyama inakuwa kama uji. Kuloweka kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui: utafiti umeonyesha kwamba nyama iliyolowekwa viungo hupata kiasi kidogo zaidi cha zile kemikali mbaya zinazotokea nyama inapoungua motoni. Weka pia kibati chini ya nyama kikinge mafuta, yasidondoke kwenye makaa na kurudi juu kama moshi mweusi. Tumia bakuli la plastiki au la udongo, maana ndimu hula sufuria ya alumini.

Lakini ndimu haiui vijidudu vyote, wala pilipili. Hapo ndipo watu wanapokosea. Mtu asiye na friji analoweka kuku Jumamosi jioni amchome Jumapili mchana, akiamini viungo vinamlinda. Katika joto la kawaida la chumba, vijidudu huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Bila friji, loweka kwa nusu saa au saa moja, isizidi saa 2, kisha upike. Ukitaka ladha iingie, kata vipande vidogo au uvichanje kwa kisu. Rojo lililokaa na nyama mbichi usilipake kwenye nyama iliyoiva mpaka ulichemshe kwanza.

Viungo vikali pia huficha harufu ya nyama iliyochacha, kwa hiyo inuse kabla hujaitia kitu, na nunua kwa mwenye bucha anayekuonyesha muhuri wa mkaguzi. Hata madukani si salama siku zote. Julai 2019 runinga ya NTV ilionyesha jinsi nyama katika baadhi ya maduka makubwa jijini ilivyotiwa dawa ili nyama ya zamani ionekane mbichi.

Na moshi nao hauivishi. Nyama inaweza kuwa na rangi nzuri ya hudhurungi nje, na ndani kwenye mfupa bado ni damu. Shirika la Afya Duniani linashauri joto la ndani lifike nyuzi 70. Kama huna kipimajoto, chemsha nyama kwanza mpaka iive, kisha uipe moshi kwa muda mfupi upate ladha. Wapishi wa kwenye simu watakucheka. Wacheke tu. Wala usifikiri kwamba nyama iliyopata moshi wa saa moja itakaa wiki kabatini. Aliya hukaa kwa sababu imekaushwa mpaka maji yamekwisha ikawa ngumu. Yako bado ina maji. Ile siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni kiasi. Mwaka 2015, idara ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka nyama zilizosindikwa, zikiwemo zile za chumvi na za moshi, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya utumbo mpana. Smoki pasua za kwenye mkokoteni zimo katika kundi hilo. Simwambii mtu asile smoki maisha yake yote, lakini mtoto asifanye smoki kuwa chakula chake cha mchana kila siku ya shule. Halafu kuna chumvi. Mtu mzima anatakiwa asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tena ukihesabu na iliyomo kwenye mchuzi mix na vidonge vya supu. Ukiloweka nyama kwa mchuzi mix, usiongeze chumvi nyingine. Mwenye presha atumie ndimu na kitunguu saumu peke yake. Nyama haitapoteza utamu.

Maswali ya presha ni mengi, nasi tumeyatengea kipindi kijacho.