Dhamana ni Haki, Wala Haiuzwi



Tumekutana kutafakari jambo linalozigusa jumuiya zetu zote. Mtu anakamatwa Jumatatu kwa tuhuma ya wizi. Jumatano anaonekana sokoni. Mara watu wanasema, "Polisi wamehongwa." Akituhumiwa tena, hafikishwi kituoni: anapigwa mawe na kuchomwa moto barabarani. Hivyo, kutoielewa dhamana ni mojawapo ya vyanzo vya mauaji ambayo tumezoea kuyaita "hasira za wananchi".

Dhamana ni nini? Si hukumu, wala si msamaha. Ni ahadi ya mtuhumiwa, ikithibitishwa na wadhamini wake, kwamba atafika kila atakapoitwa. Kesi yake inaendelea. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia hiyo haijathibitishwa. Mahabusu ni mtu ambaye bado hajahukumiwa. Shamba lake likikosa jembe na watoto wake wakikosa ada, kisha mahakama ikamwona hana kosa, ni nani atakayemrudishia msimu uliopita?

Sheria inataka pia kwamba aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana. Isipowezekana, na kosa likiwa si zito, polisi wampe dhamana. Dhamana ya polisi haina bei. Fedha inayodaiwa gizani ili mlango ufunguliwe ni rushwa, hata ikiitwa "ya karatasi".

Je, usalama wetu? Hatusemi kila mtuhumiwa aachiwe. Anayetishia mashahidi, au ambaye kuna sababu za kweli za kuamini atatoroka, anaweza kuzuiwa. Lakini uamuzi huo ni wa hakimu, baada ya kusikiliza pande zote mbili. Kwa baadhi ya makosa, kama vile mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, sheria imemwondolea hakimu nafasi hiyo. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliona kwamba katazo hilo linapingana na Katiba. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikalirudisha. Tunaheshimu mahakama. Hata hivyo dhamiri yetu inauliza: iwapo jina la kosa peke yake linatosha kumfunga mtu kabla ya ushahidi, je, ufunguo wa gereza haujakabidhiwa kwa yule anayeandika hati ya mashtaka?

Swali hili si la wanasiasa tu. Januari 2023 Rais alizindua Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikakabidhi taarifa yake Julai mwaka huo. Ni wajibu wetu waamini kufuatilia utekelezaji wake.

Maandiko yanatuonyesha njia. Huko Thesalonike, Yasoni na wenzake waliachiwa baada ya kutoa dhamana (Mdo 17:9). Huko Filipi, Paulo aliyepigwa na kufungwa bila hukumu alikataa kutolewa kwa siri. Aliwataka wakuu waje wenyewe (Mdo 16:37). Kudai haki si uasi.

Basi tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo mfanye mambo matatu. Kwanza, mwanajumuiya akikamatwa, nendeni kituoni siku hiyo hiyo, mkaulize kosa na saa aliyokamatwa. Pili, wenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji wawe tayari kumdhamini, wakijua kwamba akitoroka watawajibika; kwa hiyo mdhamini na amfuatilie ndugu yake mpaka tarehe ya kesi. Tatu, mtuhumiwa anaporudi nyumbani kwa dhamana, simameni kati yake na mawe. Aliyeibiwa naye msimwache peke yake; msindikizeni mahakamani atoe ushahidi, maana kesi nyingi hufa kwa kukosa mashahidi.

Mungu awabariki.