Cheo Kisitubadilishe Uso



Katika jubilei hii tunawaza juu ya swali moja linalogusa nyumba zetu zote: mtu afanye namna gani ili aendelee katika maisha yake, bila kuwaonyesha wenzake uso wa uongo?

Kutafuta maendeleo si dhambi. Bunia ni mji wa kazi: dhahabu inatoka Mongbwalu, samaki wanatoka Kasenyi, bidhaa zinapita Mahagi na Aru. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto asome ana haki ya kufurahi mtoto huyo akipata kazi.

Lakini tumeona mabaya mawili. La kwanza: aliyepanda cheo anawasahau waliomlisha. Mjomba akibisha hodi, anaambiwa mwenye nyumba hayupo. La pili: mtu anataka kumpendeza kila mkubwa. Wakati wa vita vya Ituri, tangu 1999 hata 2003, wengine walimkana rafiki wa kabila lingine. Walioogopa kufa hatuwahukumu. Lakini walikuwako pia walioogopa kupoteza nafasi yao tu. Wazee walisema: mwacha asili ni mtumwa.

Tumtazame ndugu yetu Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akapata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayopima bidhaa mpakani. Alikuwa pia mtu wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na rafiki wa watoto wa barabarani, wale waitwao maibobo. Walipomletea feza ili apitishe chakula kilichoharibika, alikataa, kwani chakula kile kingeliwa na watu. Aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Angewezaje kuwasalimu wale watoto kwa mkono uliopokea bei ya ugonjwa wao? Kwake kazi na urafiki havikuwa vitu viwili. Alikuwa mtu mmoja ofisini na barabarani.

Kwa hiyo, wazazi, tusiwaombe watoto wetu feza bila kuuliza zimetoka wapi. Mara nyingi kijana anaanza kupokea matabishi kwa sababu jamaa wanamngoja nyumbani na mikono wazi, na yeye anaona haya kusema kwamba mshahara ni kidogo. Tukiukubali mshahara wake mdogo, tunamlinda.

Nanyi vijana, mkiwa hamna, semeni kwa heshima: sina. Mkiombwa ubaya, semeni: sitaki. Anayewapenda kweli atakasirika leo, na kesho atawaamini. Anayeondoka kwa sababu hiyo alipenda cheo chenu, si ninyi.

Mungu aibariki parokia yetu, aipe Ituri amani.