Kosa Likitendeka Baharini, Nani Ahukumu?



Nimeombwa niseme nanyi juu ya mipaka ya mahakama. Kila mzee wa baraza ajua mwisho wa nchi yake: ni mto, au kilima, au mti. Lakini baharini hapana mti. Basi kosa likitendeka huko, nani ahukumu?

Jambo hili lilipimwa Uingereza. Tarehe 17 Februari 1876, meli ya Kijerumani, jina lake Franconia, iliigonga meli ya Kiingereza, Strathclyde, karibu na mji wa Dover, pungufu ya maili 3 kutoka pwani. Strathclyde ilizama, na watu wengi wakafa maji. Nahodha wa Franconia, Ferdinand Keyn, alishtakiwa London kwa kuua watu bila kukusudia, akaonekana ana hatia.

Ndipo ikatolewa hoja kwa ajili yake: yeye ni mgeni, chombo chake ni cha kigeni, naye alikuwa akipita tu. Majaji 13 wakaifikiri sana. Majaji 7 wakaikubali, 6 wakaikataa, nahodha akafunguliwa. Wale 7 hawakusema kwamba roho za watu si kitu. Walisema kwamba hapana sheria ya Bunge iliyowapa amri juu ya mgeni aliye katika chombo cha kigeni baharini, wala hakimu hawezi kujitwalia amri asiyopewa.

Fikirini uchungu wa jamaa za waliokufa! Walakini dawa yake ilikuwa kutunga sheria, si kuipinda. Mwaka 1878 Bunge likatunga sheria kwamba mtu yeyote akosaye katika maili 3 tangu mahali maji yanapokupwa aweza kuhukumiwa, hata akiwa katika chombo cha kigeni. Lakini mgeni asishtakiwe ila kwa idhini ya Waziri, au ya Gavana katika makoloni.

Siku hizi mapatano ya mataifa ya mwaka 1982 yaruhusu maili 12, na Kenya na Tanzania zafuata kipimo hicho. Hata hivyo, haipasi kumkamata mtu ndani ya meli ya kigeni ipitayo tu, kwa kosa lililotendeka humo safarini, ila madhara yake yakiifikia nchi, au amani ikivunjwa, au nahodha au balozi wa nchi yake akiomba msaada, au ikiwa ni kuzuia biashara ya madawa ya kulevya.

Basi, kabla ya kuuliza mtu amekosa nini, mwamuzi na ajiulize kwanza: Je, nimepewa amri ya kuhukumu hapa?