Taji la Kilwa la Mwaka 1505
(Hotuba iliyotolewa Pande kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya kutawazwa kwa wafalme wa zamani. Sitakwenda mbali, maana Kilwa Kisiwani ni jirani zetu.

Katika pwani yetu mtu hakuwa mfalme kwa kuvaa kilemba tu. Kule Pate na Lamu ilipigwa siwa, yaani baragumu kubwa ya pembe ya ndovu au ya shaba. Sauti yake ilitangaza kwamba mji umepata mtawala wake.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Kilwa. Mwezi wa Julai 1505 Mreno Francisco de Almeida alikuja na merikebu zake akauteka mji. Amiri Ibrahim akakimbia. Almeida akamchukua tajiri mmoja, Muhammad Ankoni, akamvika taji la dhahabu na kumwapisha kwa mfalme wa Ureno. Taji lenyewe halikuwa la Kilwa. Lilikuwa likipelekwa kwa mfalme wa Cochin, Bara Hindi!

Ankoni alijua kwamba hakuwa wa ukoo wa kifalme. Aliomba baada yake kiti kirudi kwa mtoto wa Sultani al-Fudail, aliyekuwa ameuawa. Mwaka 1506 naye Ankoni akauawa. Watu wakapigania kiti, biashara ikadorora, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao wakaenda zao.

Ndugu zangu, nimkumbukapo Ankoni najikumbuka mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilipewa ukiranja bila wenzangu kuulizwa. Asubuhi ya kwanza niliamrisha watu wakateke maji, hakuna aliyeinuka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Jioni yule kiranja aliyenitangulia akanishika mkono, akanisimamisha mbele ya wenzetu, akawauliza: "Mnamtaka huyu?" Wakanyamaza kitambo, kisha mmoja akasema, "Tunamtaka, lakini naye abebe ndoo." Kesho yake nilibeba ndoo, nao wakanifuata.

Wanafunzi, mtapewa vyeo vingi huko mwendako. Kabla hujalivaa taji, uliza lilitengenezwa kwa ajili ya nani, na uwaulize utakaowaongoza.