Damu Katika Mkojo: Tusingoje Hatua ya Nne

Leo tuzungumze jambo tunaloona haya kulitaja.

Tulimtembelea mzee mmoja wa kikundi. Alikuwa amekojoa damu mara mbili, haikumwuma, ikakoma yenyewe. Akasema, "Ni kichocho tu, hata utotoni nilikuwa nacho." Akanyamaza mwaka mzima. Alipofika hospitali, saratani ya kibofu ilikuwa imeshaingia ndani.

Hatua zake ni zipi? Fikirieni ukuta wa nyumba ya udongo uliopigwa plasta. Saratani huanza kwenye plasta, yaani ngozi laini ya ndani ya kibofu.

Hatua ya kwanza: imepenya chini ya ngozi hiyo, lakini haijafika kwenye misuli. Mara nyingi daktari huikwangua kwa kifaa kinachopitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Mgonjwa lazima arudi kupimwa, maana huweza kuota tena.

Hatua ya pili: imeingia kwenye misuli. Hapo mara nyingi kibofu hutolewa, au mgonjwa hutibiwa kwa dawa na miale.

Hatua ya tatu: imetoboa ukuta, ikafika kwa jirani, kama vile mji wa mimba au tezi ya kiume.

Hatua ya nne: imehamia mbali, kwenye mifupa, mapafu au ini. Matibabu yapo, lakini kupona kabisa ni vigumu.

Huku kwetu Kwale, Kilifi na Tana River kuna kichocho. Mayai ya minyoo yake hukwaruza kibofu miaka mingi, na mwishowe huweza kuleta saratani. Sigara nayo huileta, maana sumu ya moshi hupitia kwenye mkojo.

Basi tufanyeje? Ukiona damu hata mara moja, hata isipouma, nenda zahanati mkojo upimwe. Mama, usidhani ni hedhi tu. Ikiwa ni kichocho, meza dawa ya prazikwanteli. Damu ikirudi baada ya dawa, hasa ukiwa umepita miaka 40, omba barua ya kwenda hospitali kubwa ukaangaliwe ndani ya kibofu.

Na sisi wanakikundi, katika mchango wetu tutenge nauli ya mgonjwa. Tuchimbe vyoo, mkojo usifike mtoni wala bwawani. Zaidi ya yote, tuulizane bila haya. Mzee wetu hakukosa daktari. Alikosa mtu wa kumwambia mapema.