Kununua Parseli bila Kununua Ugomvi

Leo tunazungumza na yule anayenunua nyumba au parseli kwa mara ya kwanza. Amekusanya pesa miaka mingi, pengine kwa kuuza makaa na mihogo mpaka Kisangani. Anaogopa jambo moja: siku amekwisha kujenga, mtu atapiga hodi na kusema, "Hapa ni kwetu."

Wako ndugu zetu waliohamia Marekani. Wanaponunua nyumba huko, wanaelezwa habari ya bima ya hati. Iko ya namna mbili: moja inalinda benki iliyokopesha, nyingine inalinda mwenye nyumba. Hiyo ya mwenye nyumba inalipwa mara moja tu, siku ya kununua, nayo inamkinga na makosa ya nyuma: mrithi aliyefichwa, sahihi ya uongo, deni la mwenyeji wa zamani. Kazi hiyo ilianza Philadelphia mwaka 1876. Kabla yake, mwaka 1868, mnunuzi mmoja alipata hasara kwa sababu ya deni lililokuwa juu ya nyumba, na mahakama ikakataa kumtoza aliyemchunguzia hati. Ni jambo jema. Lakini hata huko kampuni haitoi bima kabla ya kuchimba habari za nyumba miaka mingi nyuma. Na kazi hiyo ya kuchimba, sisi huku tunaifanya wenyewe, kwa miguu yetu.

Kwetu, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka kwamba udongo ni mali ya Leta, yaani serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja: sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na konservatera wa hati za ardhi. Fishi ya parseli kutoka komine, au barua ya kuuziana yenye sahihi ya shefu na mashahidi, ni ushuhuda mzuri, lakini si sertifika. Wengi wanakoma hapo na kusema wamemaliza. Hawajamaliza. Anayenunua nyumba yenye sertifika lazima apeleke mauziano kwa konservatera, ile ya zamani ifutwe, mpya iandikwe kwa jina lake. Kwa sheria hiyo, miaka miwili ikipita, kwa kawaida sertifika haivunjwi tena. Aliyedhulumiwa anabaki kudai fidia. Neno hilo lisikieni pande zote mbili, mnunuzi na jirani anayenyamaza.

Basi, kabla ya kutoa hata faranga moja, uliza. Nani anakaa ndani? Kama ni nyumba ya marehemu, usipatane na mtoto mmoja peke yake. Kanuni ya Jamaa ya 1987 iliwapa watoto wote urithi, na mjane ikampa haki ya kutumia nyumba aliyoishi na mumewe. Omba jamaa yote ikae, mama mjane awepo, kila mmoja atie sahihi yake. Kijana anayekuuzia usiku, kwa bei ndogo, na kukuambia "usimwambie mama", huyo anakuuzia kesi.

Hapa Masako tuna la ziada. Msitu wa akiba, ule ulio ndani ya kizingo cha mto Tshopo, ulitengwa mwaka 1953, nao una hekta 2105. Humo hakuna parseli ya kuuzwa, hata muuzaji akiwa mzee wa heshima. Mashamba yapo, ndiyo, lakini kulima si kupata haki ya kuuza. Uliza mpaka unapita wapi. Mwite mpimaji wa kadastri, tembea naye pamoja na majirani, kila mmoja aone jiwe linapowekwa.

Kwa ardhi ya vijijini, sheria ile ya 1973 iliagiza uchunguzi wa hadharani: tangazo libandikwe, mipaka ionyeshwe, watu waliomo waandikwe, mwenye lalamiko asikilizwe hata kwa mdomo. Wengine wanaona ni kupoteza siku, wanatafuta njia ya mkato. Tazameni Lubunga, ng'ambo ya mto. Februari 2023 Wambole na Walengola waliingia katika mapigano juu ya ardhi iliyopewa kampuni. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakahama makwao. Sisemi uchunguzi peke yake ungezuia yote hayo. Lakini afadhali jirani akukasirikie leo mbele ya shefu na karani, kuliko akukasirikie umekwisha kuezeka.

Jambo la mwisho ni la karatasi zenyewe. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita mjini Kisangani, watu walikimbia na nguo za mwilini tu. Kwa hiyo weka nakala mahali pawili, moja kwa ndugu wa mji mwingine. Namba ya sertifika iandike pembeni, maana ndiyo ya kumpa konservatera aitafute katika daftari lake.